Rangi imebanduka kwenye tangi la pikipiki: nizibe au nipige upya?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Boxer nyekundu, naendesha bodaboda Tanga mjini. Rangi ya tangi imebanduka sehemu tatu. Pembeni mwa mfuniko wa mafuta kuna kidonda kama ukucha wa dole gumba, na kutu imeanza kuinua rangi. Nyuma karibu na kiti kuna vidonda vidogo vidogo, na ubavuni kuna mchubuko mrefu. Pale kwenye mfuniko nilipulizia sprei ya mkebe, lakini baada ya wiki mbili ikalainika na kujikunja kama utando wa maziwa. Nirudie kwa sprei nyingine, au nipeleke tangi lote likapigwe rangi upya?

JIBU: Nzuri, ndugu. Sprei usirudie, na tangi lote bado halijafikia huko.

Kiraka chako kimeharibiwa na petroli. Sprei nyingi za mikebe hukauka kwa tina (kiyeyushi cha rangi) kuruka tu, hivyo zikikutana na kiyeyushi kama petroli zinarudi kuwa laini. Kiraka cha karibu na mfuniko kitadumu iwapo tabaka la juu kabisa ni klia (rangi angavu ya kumalizia) ya 2K, ile inayochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, kabla ya kupakwa. Hiyo haikauki tu, inafungamana, na ikishakomaa matone ya petroli hayaiwezi.

Kabla ya kununua chochote, fungua mfuniko uangalie mpira wake. Ukiwa umekauka, umepasuka au umebonyea upande mmoja, petroli itavuja kila ukipita kwenye tuta. Badilisha mpira kwanza. Mwambie pia anayekujazia asifike shingoni, kwa sababu mafuta yakipata joto la jua hutanuka na kutafuta pa kutokea.

Sasa pima kina cha kila kidonda. Lowesha mchubuko wa ubavuni kwa maji. Ukipotea machoni ukiwa na maji, umeishia kwenye klia: sugua kwa msasa wa maji namba 2000, kisha kompaundi (dawa ya kung'arishia rangi) na kitambaa laini, basi. Ukiona kijivu, umefika kwenye praima, ile rangi ya msingi: hapo anzia kwenye rangi, kisha klia. Ukiona bati linang'aa au wekundu wa kutu, kazi ni ile ya penye mfuniko, ninayoieleza sasa.

Hapo penye kutu ndipo pa kutumia muda wako. Osha tangi lote kwa maji baridi mengi na sabuni ya vyombo kabla msasa haujagusa kitu. Upepo wa bahari unaacha chumvi juu ya rangi, na ukianza kusugua bila kuosha unaikandamiza ndani ya bati. Chumvi hiyo huvuta unyevu chini ya rangi mpya, na baada ya miezi michache unaona malengelenge. Tangi likishakauka, futa kwa spiriti ya kusafishia. Usifutie petroli wala mafuta ya taa, vyote vinaacha utando wa mafuta.

Kwangua rangi yote iliyoinuka kwa ncha ya kisu mpaka ufikie rangi ambayo haikubali kubanduka. Kidonda kitakuwa kikubwa mara mbili ya ulivyokiona mwanzo, usishtuke: kutu hutambaa chini ya rangi kabla ya kujitokeza. Sugua kwa msasa namba 120 hadi bati liwe jeupe. Fanya kwa mkono. Brashi ya waya kwenye drili hutoa cheche, nawe uko sentimita chache kutoka mdomo wa tangi. Mfuniko uwe umefungwa na pawe na hewa ya kutosha.

Vitundu vyeusi vikibaki ndani ya bati, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi kwa pamba, acha kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, suuza vizuri, kausha, kisha pitisha msasa tena. Wengi huiacha asidi juu wakidhani inalinda. Praima ya epoksi haishiki vizuri juu ya mabaki ya asidi, na hicho ni chanzo kimojawapo cha viraka kutoka vizima vizima kama gamba.

Ukingo wa kidonda ulainishe kwa namba 400, ukizunguka kutoka katikati kwenda nje. Funga macho upitishe kidole. Ukihisi ngazi, endelea. Ngazi hiyo ndogo rangi haiifichi, klia ndiyo inaionyesha zaidi.

Usilale na bati likiwa wazi, hasa Tanga. Unyevu wa usiku mmoja unatosha kuanzisha kutu mpya. Saa ileile paka praima ya epoksi kwa brashi ndogo, mikono (tabaka) miwili myembamba, kisha iache hadi kesho yake. Sugua kidogo kwa namba 800 halafu anza rangi: mikono mitatu au minne myembamba, ukisubiri kama nusu saa kati ya mkono na mkono. Mkono mmoja mzito unakauka juu na kubaki mbichi chini.

Klia ya kiraka kidogo hivi haihitaji bunduki ya kupulizia rangi wala kompresa. Nunua mabomba mawili ya sindano duka la dawa, uyatumie bila sindano. Kama mkebe unasema 2:1, vuta mililita 2 za klia kwa bomba moja na 1 ya hadina kwa jingine, changanya kwenye kifuniko cha chupa kwa dakika mbili, paka. Kukisia kwa macho ndiko kunakoharibu: hadina ikipungua klia haikomai, ikizidi inakuwa kavu na kupasuka. Mchanganyiko huo ni wa siku hiyohiyo.

Vaa glavu na ufanyie nje. Hadina ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Kwa kupaka kwa brashi, hewa ya wazi na glavu vinatosha. Ukitaka kupuliza 2K kwa bunduki unahitaji barakoa maalumu ya kukinga isosayaneti, na ile ya kitambaa haisaidii kitu.

Klia inashikika ndani ya saa chache, lakini petroli isiiguse kwa siku 7. Najua pikipiki haiwezi kukaa wiki bila kazi. Jaza kidogo kidogo kwa faneli, na kitambaa kizungushiwe shingo ya tangi. Wiki ikiisha, sugua kingo za kiraka kwa namba 2000 yenye maji, msasa ukiwa umezungushiwa kifutio cha penseli ili usile rangi ya pembeni. Kisha kompaundi.

Vile vidonda vidogo vya nyuma nadhani vinatokana na bizimu ya mkanda au zipu ya koti, ndio maana viko usawa wa tumbo. Hapo tumia kijiti cha meno. Chovya ncha tu na udondoshe rangi katikati ya kidonda, itajitandaza yenyewe hadi ukingoni. Rangi hunywea ikikauka, kwa hiyo rudia mpaka ipite uso wa tangi kidogo sana, malizia kwa tone la klia, subiri wiki, kisha isawazishe kwa msasa. Halafu bandika kipande cha plastiki angavu cha kulinda tangi, la sivyo bizimu itarudi palepale.

Kuhusu kulinganisha rangi, nyekundu isiyo na chenga (vipande vidogo vya kumetameta) una bahati nayo. Ila nyekundu hupauka kwa jua, na mkebe wenye jina sahihi la rangi bado unaweza kutoa kiraka kilichoiva kuliko tangi. Fungua kifuniko cha ubavuni uende nacho kwa wachanganyaji wa rangi za magari, wakuchanganyie kwa kufuata upande uliopigwa jua. Mililita 50 zinatosha na zitabaki. Rangi ya fedha na nyingine za chenga ni habari nyingine: chenga zikipakwa kwa brashi hulala ovyo, na kiraka kitaonekana hata rangi ikiwa ileile.

Hali ya hewa isikudanganye. Asubuhi yenye umande au mvua ikinyemelea, tina inaporuka huipoza rangi, maji ya hewani yanatua juu yake na inageuka nyeupe kama moshi. Saa sita juani nako bati linakuwa la moto, na klia inatoa vipovu. Kaa kivulini kuanzia kama saa nne asubuhi, tangi likiwa la uvuguvugu tu mkononi. Na kama umewahi kung'arisha pikipiki kwa dawa ya tairi au ya dashibodi yenye silikoni, futa mara mbili. Silikoni huisukuma rangi, ukabaki na vishimo vya duara kama macho ya samaki.

Kabla hujaanza yote haya, inama uangalie mshono wa chini wa tangi. Kama huko kuna malengelenge au harufu ya petroli, bonyeza kwa ncha ya bisibisi. Bati likibonyea, kutu imetokea ndani na rangi yoyote ya nje ni hela ya bure. Hapo tafuta tangi jingine, au fundi anayejua kuondoa mvuke kabla ya kuchomelea. Tangi lililoondolewa petroli likabaki tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa.

Ukiamua kupiga tangi lote baadaye, robo lita ya rangi inatosha. Baki kwenye nyekundu, kwa kuwa rangi imeandikwa kwenye kadi ya usajili, na ukiibadilisha itabidi kadi nayo irekebishwe TRA.