Re: Tumeinua bawa la nyuma na tairi bado zinateleza

Sasa mkuu, salamu kutoka Nakuru. Kama nimekusoma vizuri, gari ya mashindano ya timu yenu hapo Kisumu inaspini tairi za nyuma ikitoka kona, mkaongeza pembe ya bawa la nyuma (lile linalotumia hewa kukandamiza gari chini) na hakuna kilichobadilika.

Kwanza angalia spidi. Kama hiyo kona mnaitoka na 30 km/h hivi, bawa halina kazi kubwa hapo, juu mkandamizo wa hewa ukitoka 40 kwenda 80 km/h unaongezeka mara 4, so kwa kona za polepole tafuta shida kwa presha ya tairi, difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa tairi mbili) na vile dereva anakanyaga mafuta. Ikiteleza kwa kona za kasi ndio tuongee bawa.

Chukua uzi wa sweta, kata vipande vya urefu wa kidole, bandika na selotepu CHINI ya bawa, huko ndiko kazi kubwa hufanyika, halafu mtu apige video gari ikipita. Nyuzi zikilala zikielekea nyuma iko sawa, zikichezacheza ama kugeukia mbele ujue hewa imeachana na bawa, mmeinua kupita kiasi, shusheni pole pole mpaka zitulie. Kwa gari yetu hewa iliachana na flapu tu, yaani kibawa kidogo cha juu nyuma ya bawa kuu, bawa kuu lenyewe halikuwa na neno.

Na mcheki kama usukani umekuwa mwepesi, bawa likikaa nyuma sana ya ekseli ya nyuma linapunguzia tairi za mbele uzito.

Tupia video hapa na presha za tairi tuendelee.