Simu isiyo na waya isiyogombana na Wi-Fi

Ndugu, umesema kila simu ya nyumbani ikipokewa intaneti inakatika, na unataka kununua nyingine. Kabla hujatoa hela, geuza kitako cha hiyo uliyonayo usome kibandiko cha chini. Nahisi utakuta 2.4 GHz (gigahezi), yaani masafa ya redio ambayo simu inatumia. Hapo ndipo penye ugomvi: ruta nyingi (vile vifaa vinavyosambaza Wi-Fi) zinatumia masafa hayohayo, kwa hiyo simu na Wi-Fi zinapigiana kelele chumba kimoja. (Hata oveni ya maikrowevu iko humo humo.)

Tafuta simu ya DECT, aina mojawapo ya simu za nyumbani zisizo na waya. Hii ina masafa yake kando, mbali na Wi-Fi: Ulaya na nchi nyingi ni 1880 hadi 1900 MHz, Marekani ni 1920 hadi 1930 MHz, na huko huuzwa kwa jina la DECT 6.0. Hiyo 6.0 isikubabaishe, ni jina la biashara tu, wala si gigahezi sita. Ila usiagize ya Marekani ukaitumia kwingine, maana masafa hayo huenda yamepewa mitandao ya simu za mkononi.

Za 5.8 GHz mimi nisingenunua. Zinaiacha Wi-Fi ya 2.4, sawa, lakini ruta yako ikiwa na 5 GHz unaweza kurudi palepale.

Kama huna haraka ya kununua, sogeza kitako cha simu mbali na ruta, hata mita mbili tatu, kisha badili chaneli ya ruta, yaani kile kipande cha masafa ya 2.4 GHz inachotumia: jaribu 1, 6, halafu 11. Mimi hivyo vilinisogeza miezi kadhaa.