Mwaka wa kwanza chuoni si wa kuzoea mazingira

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wadogo zangu na watoto wa majirani hunipigia simu kuuliza mambo yale yale: nibebe godoro au nitalikuta hukohuko, hosteli zikoje, bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, linatoka lini. Nawajibu. Kisha nawaambia na jambo ambalo hawajaniuliza. Atakayekupokea getini na kukwambia kuwa mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira na moto unaanza mwaka wa pili, msikilize kwa adabu, lakini usimfuate.

Nilisoma ualimu Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, masomo yangu yakiwa Kiswahili na Historia. Pale, kama ilivyo kwenye vyuo vingi nchini, GPA ya mwisho, yaani wastani unaopanga daraja la shahada yako, inatokana na alama za miaka yote, na ule wa kwanza haupunguziwi uzito. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Tuseme umemaliza mwaka wa kwanza ukiwa na 2.8. Kwenye shahada ya miaka mitatu yenye masomo yanayolingana uzito, ili ufike 3.5 utahitaji wastani wa 3.85 mwaka wa pili, na 3.85 nyingine mwaka wa tatu. Wapo waliofanya hivyo nikiwaona kwa macho yangu, na walisoma bila kupumua. Wengi zaidi waliishia 3.3 au 3.4. Leo tangazo la ufadhili wa shahada ya uzamili likitoka na sharti la 3.5, wanalisoma hadi mwisho na kuwatumia wenzao kwenye magrupu. Inaniuma, kwa sababu nawafahamu, na uwezo walikuwa nao.

Sasa alama zenyewe zinapotea wapi? Kwa nilivyoona, hazipotei kwenye chumba cha mtihani. Utaratibu tuliousomea ni alama 40 za kazi za semista, yaani zile tunazoziita kosiweki, na alama 60 za UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista. Zile 40 zinakusanywa kidogo kidogo: test hapa, insha pale, semina, kazi ya kundi. Mwanafunzi aliyezoea shule, ambako kila kitu ni mtihani wa mwisho, huziona kama mazoezi. Chukua watu wawili wanaotaka B+, ambayo kwetu ilianzia 60. Mmoja ana 30 kwenye kosiweki, anahitaji nusu tu ya alama za UE. Mwingine ana 18, anahitaji 42 kati ya 60, na hiyo ni kazi ya kiwango cha A. Wanaingia ukumbi mmoja na kupewa karatasi moja, lakini mtihani wao haufanani.

Kwa hiyo siku ya kwanza mhadhiri akitoa karatasi ya maelezo ya kozi, isome mpaka mwisho. Utakuta humo test ni ngapi, insha inadaiwa lini, kila kimoja kina alama ngapi, na vitabu gani vinatakiwa kusomwa. Andika tarehe zote kwenye karatasi moja na uibandike ukutani juu ya kitanda. Utashangaa kuona wiki mbili zinabeba karibu kila kitu, huku nyingine zikiwa tupu. Hizo tupu ndizo za kuandikia insha.

Halafu nenda ofisini kwa mhadhiri. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoogopa. Mlangoni pake pamebandikwa saa za kuonana na wanafunzi, na mara nyingi saa hizo hakuna anayekuja. Nilipeleka rasimu ya insha ya historia kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akitutisha sana darasani. Nikagonga, “Shikamoo, Daktari.” Akaitikia, akavua miwani, akasoma kurasa tatu huku nimesimama. Kisha akaweka kidole katikati ya ukurasa wa tatu: “Hoja yako iko hapa. Ipeleke mwanzo, halafu haya mengine yaifuate.” Ilikuwa ni hivyo tu, dakika chache, na kila insha niliyoandika baada ya hapo ilianza na hoja. Usiende kumwambia “sijaelewa somo.” Nenda na swali moja lililoandikwa, au na ukurasa wako mwenyewe.

Lugha nayo inawaangusha wengi, na huwa haisemwi kwa uwazi. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akapita sekondari kwa kukariri Kiingereza, anakaa kwenye ukumbi wa mamia ya watu akimsikiliza mhadhiri asiyerudia sentensi. Anatoka na daftari lenye nusu maneno, anaamini hana akili. Akili anazo. Asome mada kabla ya leksha, hata kurasa tano tu, ili maneno magumu ayakute anayajua. Kisha kundi la watu wanne au watano likae jioni na kujadili kwa Kiswahili mpaka kila mmoja aweze kueleza, ndipo kila mtu aandike majibu yake kwa Kiingereza, peke yake. Ukiandika kwa kundi, kwenye UE utakuwa huna sentensi zako. Na desa za kaka zako, yaani notisi na maswali wanayorithishana wanafunzi, zipokee, zitakuonyesha mada zinazopendwa, lakini zisikae mahali pa kitabu. Sisi wa historia tulikuwa na bahati ya East Africana, sehemu ya vitabu kuhusu Afrika Mashariki pale maktaba: vitabu vyake havitoki, unasomea humo humo, na ni sehemu tulivu.

Na njaa? Njaa inashusha GPA pia. Posho ya chakula na malazi kwa mwenye mkopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022, na inaingia kwa mkupuo wa takribani miezi miwili. Unasaini, unaona laki sita kwenye akaunti, na hujawahi kushika laki sita. Simu mpya, viatu, na nyumbani nako wanajua bumu limetoka. Simlaumu anayemtumia mama yake hela. Nimetoka kwenye nyumba ya aina hiyo. Ila ongea na nyumbani mapema, kabla hela haijaingia: waambie hii ni ya kula na kulala kwa siku sitini, na mimi ninaweza kutoa kiasi hiki, basi. Wazazi wanaelewa wakielezwa. Wasichoelewa ni kijana anayetuma elfu hamsini mwezi huu, mwezi ujao anaomba nauli. Nunua mchele, maharage, mafuta na sabuni siku hiyo hiyo bumu linapoingia, maana bumu linalofuata linaweza kuchelewa, na likichelewa wakati wa UE utasoma na tumbo tupu.

Kuhusu kubebwa, yaani kulala mzungu wa nne kwenye kitanda cha mwenzako kwa kukosa chumba: linafanyika, nimelala hivyo, na halizuii mtu kufaulu. Elewaneni tu mapema kuhusu muda wa kuzima taa.

Kama unasoma haya na tayari una sapu, yaani mtihani wa kurudia somo uliloanguka, usijifiche, na usikate mawasiliano na wenzako. Vyuo vyetu vingi havikupi zaidi ya C kwenye sapu hata ukipata 80, kwa hiyo lengo lako pale ni kuvuka, si kurekebisha GPA. Ni muhimu kuvuka kwa sababu ya Bodi ya Mikopo pia: matokeo yako yanapelekwa kule, na mkopo wa mwaka unaofuata unategemea umefaulu kuendelea. Hakikisha jina lako limo kwenye orodha ya watakaofanya sapu na tarehe unaijua kabla hujapanda basi la kwenda nyumbani. Kisha pita maktaba utoe kopi ya mitihani ya miaka iliyopita ya somo hilo, ubebe, na uanze kujibu maswali yake kwa mkono wako mwenyewe wiki hiyo hiyo ya kwanza ya likizo.