Jua lilipozama samaki walikoma kula: tulikosea wapi?

SWALI: Nahodha, shikamoo. Mwezi uliopita tulikuwa watu sita, tukakodi mashua pamoja na nahodha wake na baharia mmoja kwa safari ya kuvua jioni. Tulitia nanga juu ya mwamba, kina cha mita 25 hivi, saa moja na nusu kabla ya jua kuzama. Hadi machweo tulikuwa tunavuta changu bila kupumzika. Jua lilipozama tu, kimya. Baadaye nahodha akawasha taa kubwa ubavuni, vidagaa vikajaa chini yake mpaka maji yakawa kama yanachemka, nasi sote tukahamishia ndoana hapo. Hatukupata cha maana mpaka nanga ikang'olewa. Mwenzetu mmoja aliguswa mara nne na samaki wazito, na mara zote nne walichomoka, ingawa alitumia zile ndoana za duara tulizoambiwa ndizo bora. Tumepanga kwenda tena. Tulikosea wapi?

JIBU: Marahaba. Mahali palikuwa pazuri na mashua haikuwa na neno. Kosa lilikuwa pale mliposhushia ndoana baada ya taa kuwaka, na mwenzenu alikosea mkono. Hicho kimya cha magharibi hakikuwa kosa la mtu yeyote, na ndicho nitakachoanza nacho kwa sababu ndicho kinachowavunja watu moyo mapema.

Mwamba una zamu mbili. Samaki wa mchana hutafuta riziki kwa macho, na mwanga ukianza kupungua wanajua wameanza kuonwa kabla hawajaona. Wanarudi mashimoni. Pono huingia kwenye mpasuko wa jiwe, na wengine wa jamii yake hujifunika ute mwili mzima kama shuka. Samaki wa usiku, wengi wao wekundu na wenye macho makubwa, bado hawajatoka. Kati ya hao wanaoingia na hao wanaotoka kuna muda ambapo mwamba unaonekana mtupu. Ndani ya jicho la samaki kuna kazi inaendelea: chembe zinazoona rangi na mwanga mkali zinasogea kupisha zile za gizani, na hilo halifanyiki kwa kupepesa. Huchukua nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi. Karibu na ikweta jua huzama karibu wima na giza huingia upesi, kwa hiyo kimya hicho huja ghafla kama mlivyokiona. Ukienda mbali kaskazini au kusini jua huzama kwa mshazari, na mabadilishano ya zamu hufanyika polepole zaidi.

Lakini si wote wanaofunga. Wawindaji wakubwa, kolekole na wenzake, wanakipenda sana kipindi hicho. Wakiwa chini wanatazama juu na kumwona samaki mdogo kama kivuli cheusi mbele ya anga ambalo bado lina mwanga kidogo, ilhali yeye mdogo akitazama chini haoni kitu. Kwa hiyo mkiwa sita, wanne wabadilishe chambo, wakague mishipi iliyokwaruzwa na mawe, wapumzishe mikono. Wawili washushe chambo hai hadi nusu ya kina tu, wasifike chini. Mkifika huko kwenye kimya, msimwombe nahodha ahamishe mashua. Nimeona watu wengi wakihama dakika kumi kabla ya mwamba kuamka, kisha wakaanza kutafuta mahali pengine gizani, nanga mkononi.

Sasa taa. Taa huvuta wadudu wadogo wa baharini, wadudu huvuta vidagaa, vidagaa huvuta ngisi na samaki wakubwa. Mlipoona maji yanachemka mkaamini samaki wote wako hapo. Mkubwa alikuwepo kweli, ila hakuwa ndani ya mwanga. Mwindaji akiingia kwenye mwanga mkali anaonekana na kila kidagaa, na macho yake yaliyokwisha kuzoea giza yanaumia. Anakaa pembeni, pale mwanga unapokwisha, anasubiri kidagaa kinachopotea njia. Nyinyi sita mlikuwa mnavua kati ya chakula chake, na chambo chenu kimoja kilikuwa kinashindana na vidagaa elfu vilivyo hai.

Kuna usiku mmoja nilikuwa na abiria mama mtu mzima aliyechoka kusukumana na wenzake upande wa taa. Akahamia upande wa pili, kwenye kivuli cha mashua, akashusha mshipi wa mkono bila fimbo. Nilikuwa nimeketi karibu naye. Mshipi ulikuwa umelala juu ya kidole chake cha shahada, na niliuona ukisogea kidogo kuelekea gubeti, yaani mbele ya mashua, mahali ambapo mkondo haukuwa ukielekea. Hakukuwa na mtikisiko wowote. Ulisogea tu, kama mtu anavuta uzi wa nguo taratibu. Alikuwa chewa, na baada yake wakafuata wengine wawili palepale, huku upande wa taa watu wanatazama vidagaa. Tangu usiku ule, taa ikiwaka tu, abiria wawili nawaketisha upande wa kivuli.

Safari ijayo shusheni ndoana kwenye ukingo wa mwanga. Kwanza tazameni mkondo unakwenda wapi, kwani chakula kinachokusanyika chini ya taa kinabebwa kuelekea huko, na mwindaji hujipanga upande huo. Pili, kina. Mwanga hupungua kadiri unavyoshuka, kwa hiyo chini ya taa pia kuna ukingo, msioujua kwa sababu hamuuoni. Pimeni kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu mita 1.8. Mita 25 ni kama pima 14. Mmoja ashushe pima tano, mwingine nane, mwingine kumi na moja, na mwingine afike chini kisha apandishe pima moja. Anayeguswa aseme idadi yake kwa sauti, na wengine wamfuate. Bila hesabu hiyo mtu hupata samaki mmoja kisha hajui alimpata wapi.

Kama mwezi haupo, kuna jambo jingine. Katika bahari nyingi viumbe vidogo sana hutoa mwanga wakitikiswa, na usiku wa giza utaona mshipi wako unachora mstari wa kijani au wa buluu majini kila unapoutikisa. Mkiuona huo, jueni samaki anauona pia. Tuliza mkono. Acha chambo kikae, tumia mshipi mwembamba kidogo mwishoni, na chubwi, kile kipande kizito cha kuzamishia mshipi, iwe na uzito wa kutosha ili mkondo usiuyumbishe mshipi mzima.

Tukija kwa mwenzenu na ndoana za duara. Ndoana hiyo ncha yake imekunjwa kuelekea mti wake wenyewe, kwa hiyo haichomi ikivutwa moja kwa moja. Inafanya kazi hivi: samaki anameza chambo, anageuka kuondoka, mshipi unakaza, ndoana inateleza kutoka kooni mpaka kwenye pembe ya mdomo, hapo ndipo inapozunguka na kushika. Ukishtua fimbo kwa nguvu, kama tulivyozoea kwa ndoana ya kawaida, unaitoa mdomoni kabla haijafika kwenye pembe. Nina hakika ndivyo mwenzenu alivyofanya mara zote nne, maana gizani mtu akiguswa mkono hushtuka wenyewe. Mwambie ahesabu moja, mbili, tatu huku akiacha fimbo ijipinde, kisha aanze kuzungusha rili kwa mwendo mmoja, bila kushtua kamwe. Chambo nacho kisijaze nafasi kati ya ncha na mti. Kitungwe mara moja tu, pembeni, ncha ibaki wazi. Ndoana hii nami naipendelea usiku kwa sababu samaki mdogo unayetaka kumrudisha hanaswi tumboni, na kwa sababu ndoana iliyoshika pembe ya mdomo unaitoa kwa kupapasa.

Breki ya rili irekebishwe kungali mchana. Fungeni ncha ya mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, vuteni, na breki ianze kuachia kwenye robo hadi theluthi ya uwezo wa mshipi. Mshipi wa kilo 20 uachie kwenye kilo tano au sita. Gizani watu hukaza breki kwa hofu, na mshipi hukatika pale penye fundo.

Hukuniambia hali ya maji siku ile, nami naihesabu kuliko hata mwezi. Maji yakisimama, kati ya kujaa na kupwa, harufu ya chambo haiendi popote na samaki wengi hutulia. Kama maji yalisimama palepale jua lilipozama, mlipata vimya viwili kwa mpigo. Pale ambapo maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kama 12, na mwendo mkali uko katikati: saa ya tatu na ya nne hubeba nusu ya maji yote. Kila siku ratiba husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Basi kama leo maji yanasimama magharibi, baada ya siku nne yatasimama saa tatu na zaidi baada ya magharibi, na jua litazama maji yakiwa katikati ya mwendo. Siku hiyo ndiyo ya kukodi. Jihadharini na bamvu tu, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, mkondo unapokuwa mkali hata chubwi nzito haikai chini. Mwamba wenye mkondo mkali ni bora kuvuliwa maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo.

Ikitokea maji yamegeuka mkiwa kwenye nanga, mashua nayo itazunguka. Hapo mishipi yote inyanyuliwe kabla haijapita chini na kusukana kwenye kamba ya nanga au rafadha, panga la injini. Mishipi sita iliyosukana gizani inakula nusu saa nzima ya uvuvi.

Kuhusu taa nina neno moja zaidi, na hili silipunguzi. Mashua iliyotia nanga usiku inatakiwa kuonyesha taa nyeupe inayoonekana pande zote, kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini za mwaka 1972. Taa kubwa ya kuvulia haichukui nafasi yake, kwani imeelekezwa majini na mara nyingi inaonekana upande mmoja tu. Tena humpofusha nahodha mwenyewe. Jicho la binadamu linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na tochi nyeupe ya kichwani inayomulika usoni inaifuta kazi hiyo yote kwa sekunde moja. Njooni na tochi zenye mwanga mwekundu, na mkitaka kufunga ndoana, inamisheni vichwa.

Anayeugua bahari atumie dawa kabla ya kupanda, si akishaanza kutapika. Usiku upeo wa macho haupo, sikio la ndani linasema tunayumba na jicho halina cha kulithibitishia, kwa hiyo hata aliyezoea mchana anaweza kuugua. Aketi katikati ya mashua, mbali na moshi wa injini.

Samaki wenu wa kwanza waliotoka jua likiwaka wasikae sakafuni mpaka mwisho wa safari. Barafu iliyochanganywa na maji ya bahari huwapoza haraka kuliko barafu tupu, kwa sababu inagusa mwili mzima. Kwa jodari na jamii yake hili ni la afya: wakikaa kwenye joto hutengeneza sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi.

Kabla ya kukubaliana na nahodha, muulizeni mambo mawili. Je, taa yake inaweza kufunikwa upande mmoja au kupunguzwa mwanga? Na je, atawaruhusu wawili wenu wavue upande wa kivuli? Akikubali yote mawili, mpeni tarehe mliyoihesabu kwa maji.