Namna ya Kusoma Upya Mbio za Divisheni ya NFL: AFC Mashariki, 2008

NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ina konferensi mbili, AFC na NFC, na kila moja ina divisheni nne za timu nne. Mtu aliyezoea msimamo wa Ligi Kuu akiutazama ule wa AFC Mashariki wa mwaka 2008, atadhani mchapaji amekosea. New England Patriots walishinda mechi 11 kati ya 16, wakafunga pointi 410 na kufungwa 309. Miami Dolphins nao walishinda 11, wakafunga 345 na kufungwa 317. Bingwa akawa Miami, na Patriots hawakuingia hata kwenye mtoano.

Ukiwa umekulia kwenye hesabu za tofauti ya mabao, iweke kando. Katika NFL tofauti ya pointi ni kigezo cha mbali sana, na ni nadra kufikiwa. Timu za divisheni moja zikilingana, kwanza hutazamwa mechi walizokutana zenyewe, kisha rekodi ndani ya divisheni, kisha mechi dhidi ya wapinzani ambao wote wamecheza nao, kisha rekodi ndani ya konferensi. Ufuate mpangilio huo hatua kwa hatua. Wengi huruka hatua ya tatu, wakapata jibu sahihi bila kujua limetoka wapi.

Chukua karatasi uzigawe mechi 16 katika mafungu manne: 6 za divisheni, 4 dhidi ya divisheni nyingine ya AFC (mwaka huo Magharibi), 4 dhidi ya divisheni moja ya NFC (Magharibi pia), na 2 zinazopangwa kwa kufuata nafasi ya msimu uliopita. Kuanzia 2021 kuna mechi ya 17, kwa hiyo misimu mipya inahitaji fungu la tano.

Sasa jaza. Miami na Patriots walikutana mara mbili, wakagawana: Miami 38 kwa 13 kule Foxborough, nyumbani kwa Patriots, mwezi Septemba, Patriots 48 kwa 28 kule Miami mwezi Novemba. Ndani ya divisheni kila mmoja alishinda 4 na kupoteza 2. New York Jets nao 4 na 2! Buffalo Bills walipoteza zote 6, wao walioanza msimu kwa kushinda 5 kati ya 6 za mwanzo. Kwa hiyo fungu hili halikutenganisha chochote pale juu.

Fungu la mechi 2: Miami, waliokuwa wa mwisho mwaka 2007 kwa ushindi 1 tu, walipewa Houston na Baltimore. Patriots, mabingwa wa divisheni mwaka 2007, walipewa Indianapolis na Pittsburgh. Wote wawili walipoteza zote mbili. Ukiziondoa, kila timu inabaki na ushindi 11 na vipigo 3 katika mechi 14 dhidi ya wapinzani walewale. Bado sare.

Mambo yanaamuliwa kwenye mafungu mawili yaliyobaki. Patriots waliifunga NFC Magharibi yote, mechi zote 4, na Arizona Cardinals wakala 47 kwa 7. Dhidi ya AFC Magharibi walipoteza moja, San Diego, 30 kwa 10. Miami kinyume chake: AFC Magharibi walishinda zote 4, na kipigo kimoja tu cha NFC, Arizona, 31 kwa 10. Ni vipigo viwili vinavyofanana karibu kwa kila kitu, ila Arizona ni timu ya NFC, na kipigo chake hakiingii kwenye rekodi ya konferensi. Miami 8 na 4, Patriots 7 na 5. Baltimore nao walikuwa na ushindi 11 na rekodi ya 8 na 4 katika AFC, basi ile nafasi ya mwisho ya waildikadi (nafasi za mtoano kwa timu zisizo mabingwa wa divisheni) ikaenda kwao. San Diego wenyewe walichukua AFC Magharibi kwa ushindi 8 na vipigo 8, wakaingia mtoano na kucheza nyumbani.

Baada ya hapo ndipo ujiulize kwa nini, na hapa ndipo porojo hujaa. Ya kwanza ni goti la Tom Brady, kwotabeki wa Patriots (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), lililoumia mechi ya kwanza dhidi ya Kansas City. Liligharimu, bila shaka, lakini Matt Cassel aliyeingia badala yake aliiongoza timu kwenye ushindi 11, na idadi hiyo kwa kawaida inatosha. Kabla yao, mara ya mwisho timu kushinda 11 kati ya 16 na kubaki nje ilikuwa Denver, 1985.

Ya pili ni Wildcat, ule mpango wa mpira kurushwa moja kwa moja kwa mkimbiaji Ronnie Brown huku kwotabeki Chad Pennington akisimama pembeni. Siku ile ya Foxborough Brown alifunga kwa kukimbia tachidauni 4 (kufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani) na kurusha pasi ya tano. Lakini mabeki walijifunza haraka. Baltimore waliuzima mwezi Oktoba. Kilichoibeba Miami msimu mzima ni kutopoteza mpira: mara 13 tu katika mechi 16, rekodi ya ligi wakati huo, waliyoifikia pamoja na New York Giants. Tazama matokeo yao: 17 kwa 15, 16 kwa 12, 14 kwa 9, 21 kwa 19. Timu inayoshinda kwa pengo hilo haina nafasi ya kutupa mpira ovyo. Kwenye mtoano Baltimore walinasa pasi 4 za Pennington, aliyekuwa amenaswa mara 7 tu msimu mzima, na Miami wakatoka 27 kwa 9.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni safari. Andika pembeni ya kila mechi ilichezwa wapi. Patriots na Jets walikwenda pwani ya Pasifiki mara 4 kila mmoja: San Diego, Oakland, San Francisco, Seattle. Miami na Buffalo waliwapokea wote wanne nyumbani. Patriots walishinda 3 katika safari hizo. Jets walipoteza zote 4, na waliokuwa na ushindi 8 kati ya 11 wakamaliza na 9. Kuanzia 2010 ligi ilibadilisha mzunguko wa ratiba ili mzigo huo usiangukie timu zilezile.

Ukitaka zoezi la pili, chukua NFC Kusini ya 2014. Atlanta walishinda 5 kati ya 6 ndani ya divisheni, nje yake 1 kati ya 10. Carolina walitwaa ubingwa kwa ushindi 7, vipigo 8 na sare moja na Cincinnati, 37 kwa 37. Kumbuka kuihesabu sare kama nusu ya ushindi, la sivyo utawaona New Orleans, wenye ushindi 7 pia, wamelingana nao.