Muulize Fundi: Valvu hufanya nini kwenye sauti ya hedifoni?

Maswali mengi ya majuma haya yanahusu amplifaya ndogo za hedifoni zenye valvu, zile taa za kioo zilizokuwa kwenye redio za wazee wetu. Nimechagua matano.

Fundi, salaam. Watu husema sauti ya valvu ni tamu zaidi. Ni kweli, au ni masikio kujidanganya? (Kibokoni)

Salaam, ndugu yangu. Ni kweli, na yapimika. Hakuna amplifaya isiyotia chake kwenye sauti. Valvu ya trayodi, yaani aina sahili yenye sehemu tatu ndani, hutia zaidi hamoniki ya pili, yaani mtetemo maradufu wa ule wa asili. Uzi wa udi ukilia kwa hezi 220 (mitetemo 220 kwa sekunde), valvu huongeza 440 kidogo. Hiyo ni noti ile ile, oktava moja juu, kwa hivyo sikio huipokea kama unene, si kama uchafu. Sikiliza rekodi ya Zein l'Abdin, yule bingwa wa udi na taarabu wa pwani, akiwa na udi wake peke yake: risha inapogusa uzi, ule ukali wa mwanzo hupungua, na tumbo la udi husikika pana.

Utaambiwa pia kwamba valvu ikizidiwa hubana mawimbi polepole ilhali transista huyakata ghafla. Ni sawa, lakini hedifoni hutaka miliwati chache tu. Ukisikiliza kwa kiasi, valvu haifiki huko.

Nimenunua amplifaya ya valvu isiyo na transfoma ya kutokea. Hedifoni zangu za omu 32 zatoa besi iliyovimba. Kaka yangu ana hedifoni za Sennheiser HD 600 na kwake besi ni safi. Yangu ni mbovu? (Likoni)

Si mbovu, mwanangu. Hazikuoana tu, na hili ndilo jambo ninalotamani kila mnunuzi alijue kabla ya kutoa pesa.

Amplifaya ina ukinzani wake, yaani kizuizi cha umeme kinachopimwa kwa omu, pale inapotokea sauti. Tuseme ni omu 35. Ukinzani huo na hedifoni hugawana volti. Hedifoni ya omu 32 haibaki 32 kwa noti zote: kwenye besi yaweza kupanda hadi 60. Kwenye sauti za kati itapata asilimia 48 ya volti, na kwenye besi asilimia 63. Tofauti hiyo inapita desibeli 2 (kipimo cha ukubwa wa sauti), ndiyo uvimbe unaousikia. HD 600 ni ya omu 300, na kwenye besi hupanda kufikia karibu 500. Kwake tofauti haifiki nusu desibeli. Isitoshe, amplifaya yenye ukinzani mkubwa haiwezi kuishika breki ile ngozi ya ndani ya hedifoni, kwa hivyo ngoma haisimami inapotakiwa kusimama.

Kanuni nzuri: ukinzani wa amplifaya usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa omu 32 wahitaji 4 au chini. Usinunue valvu nyingine ukitumai zitatibu. Tafuta amplifaya yenye transfoma ya kutokea, ile inayooanisha valvu na hedifoni, au yenye valvu mbele na transista nyuma.

Amplifaya yangu ya bei nafuu huwaka rangi ya chungwa chini ya valvu. Ndiyo nguvu yake? (Kisauni)

Hapana. Mara nyingi hiyo ni taa ya LED chini ya soketi. Mwanga wa nyuzi zinazoipasha moto valvu yenyewe ni mwekundu hafifu, utauona ukizima taa za chumba.

Tangu kusi ianze, amplifaya yakwaruza. Nibadilishe valvu? (Nyali)

Bi, tazama miguu ya valvu kwanza. Chumvi ya bahari haisamehe. Yangu niliikuta na utando wa kijivu kwenye pini. Nikaifuta kwa pamba yenye spiriti, nikaichomeka na kuichomoa mara tatu, mkwaruzo ukakoma. Kagua pia ule utando wa rangi ya fedha ulio ndani ya kioo cha valvu, aghalabu juu. Ukigeuka mweupe kama chokaa, hewa imeingia na valvu imekufa.

Ila nakusihi: chomoa stima, acha valvu zipoe, na usifungue kasha. Kapasita za ndani, vile vifaa vya kuhifadhi umeme, zaweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa, na umeme huo unaua.

Babu alituachia redio ya valvu ya enzi za Sauti ya Mvita, kile kituo cha redio cha zamani cha Mombasa. Nitoe valvu zake nitengeneze amplifaya ya hedifoni? (Mji wa Kale)

Tafadhali usiivunje. Na usiichomeke kuijaribu. Kama majina ya valvu zake yaanza na herufi U, nyuzi zake zimeungwa mfululizo moja kwa moja kwenye stima, na bati la ndani laweza kuwa na volti 240 nzima. Hedifoni kichwani hazina kazi karibu na kitu kama hicho. Mpelekee fundi anayezijua redio hizo, abadilishe kwanza kapasita za karatasi. Zikizeeka huvujisha umeme na kuunguza valvu ya mwisho, ile inayoendesha spika.