Maswali ya Wasomaji: Kupiga Video Usiku

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua kamera ya video iliyotangazwa kuwa inaona gizani, pamoja na taa yake ya infraredi. Mbweha akisogea karibu ninampata vizuri, ingawa majani yanatoka meupe na macho yake yanang'aa kupita kiasi. Vilima vilivyo nyuma yake havionekani kabisa. Je, kamera hii ni mbovu, au ninunue ile inayopiga picha ya joto?

JIBU: Ndugu msomaji, kamera yako ni nzima, lililokosewa ni tangazo. Hakuna kamera inayoona bila kupokea mionzi ya namna fulani, na jambo la kujiuliza kabla ya kutoa fedha ni mionzi hiyo itatoka wapi. Mpiga video wa usiku hutegemea nuru hafifu ya mwezi na nyota, au taa yake mwenyewe ambayo jicho la binadamu haliioni, au joto la mwili wa mnyama. Wewe umeshika njia ya pili, kisha ukaidai kazi ya ile ya kwanza.

Jicho letu huishia karibu na mawimbi yenye urefu wa nanomita 700, lakini kihisi cha silikoni kilichomo ndani ya kamera, yaani kile kipande kinachonasa picha, huendelea kupokea hadi karibu nanomita 1,100. Kamera za kawaida huwekewa chujio cha kuzuia mawimbi hayo ya ziada, yaani infraredi, ili rangi za mchana zisiharibike, na kamera kama yako hulisogeza kando chujio hilo usiku unapoingia. Majani mabichi huakisi infraredi kwa wingi mno, ndiyo sababu yanatoka meupe, na hakuna marekebisho yatakayoyarudishia ukijani, kwa kuwa habari za rangi hazikunaswa tangu mwanzo. Macho nayo hung'aa kwa sababu taa imefungwa juu ya lenzi, na nyuma ya retina (sehemu ya jicho inayopokea nuru) ya mbweha, kama ilivyo kwa wanyama wengi wa usiku, upo utando unaorudisha nuru kule kule ilikotoka. Isimamishe taa kwenye stendi yake, hatua kadhaa pembeni ya kamera. Mng'ao utapungua, tena vivuli vitalionyesha vizuri zaidi umbo la mnyama.

Ama vilima, hivyo havitawaka kwa taa yoyote unayoweza kuibeba. Umbali ukiongezeka mara mbili, nuru inayofika hubaki robo. Kwa hesabu hiyo, kilima kilicho kilomita moja kutoka kwenye taa hupata sehemu moja ya elfu kumi ya nuru inayompata mbweha aliye mita 10. Mandhari ya usiku ni kazi ya mwezi. Mwezi mpevu ulio juu angani hutoa takriban luksi (kipimo cha mwangaza) 0.1 hadi 0.3, ilhali nyota peke yake hutoa kama luksi 0.001, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapata vilima au weusi mtupu. Hapo unahitaji kihisi kikubwa na lenzi yenye tundu pana: lenzi ya f/1.4 hupitisha nuru mara nne ya ile ya f/2.8. Kamera ya Sony A7S ya mwaka 2014 ilifikia ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuitikia nuru) 409,600, na mwaka uliofuata Canon wakatangaza ME20F-SH inayopita ISO milioni 4, lakini tarakimu hizo zisikulevye, maana huko juu picha hujaa chenga. Faida kubwa ya njia hii, kwa maoni yangu, ni kwamba rangi hubaki.

Kumbuka pia kwamba video ya picha 25 kwa sekunde haiwezi kuiacha shata, yaani mlango wa nuru wa kamera, wazi zaidi ya 1/25 ya sekunde. Mahali ambapo hakuna mnyama anayepita, ni afadhali upige picha mnato za sekunde kadhaa kila moja, kisha uziunganishe ziwe video.

Kamera ya joto ni chombo kingine kabisa. Hupokea mawimbi ya mikromita 8 hadi 14, haihitaji taa, na itamfichua mnyama aliyelala kwenye nyasi haba ambako macho yako yasingemwona. Hata hivyo hutoa umbo tu, bila manyoya wala madoa. Kioo cha kawaida huyazuia mawimbi hayo, ndiyo maana lenzi zake hutengenezwa kwa germani (elementi inayoyapitisha), na ukiielekeza kwenye dirisha la gari lililofungwa utaona joto la kioo chenyewe. Mapema usiku, mawe yaliyochomwa na jua nayo huwaka kama wanyama. Mimi ningeitumia kutafutia, si kupigia.

SWALI: Taa ya infraredi ya nanomita 850 na ya 940, ni ipi isiyomsumbua mnyama?

JIBU: Ile ya 850 huonyesha wekundu hafifu kwenye taa yenyewe, na mnyama anayeitazama anaweza kuugundua. Ya 940 haina wekundu huo, lakini vihisi huipokea kwa udhaifu zaidi, kwa hiyo umbali wa kupigia hupungua. Kwa mnyama mwoga anayekuja karibu chagua 940; kwa aliye mbali, 850.

SWALI: Nimeweka fokasi barabara jioni, lakini nikiwasha infraredi picha inafifia kingo. Kwa nini?

JIBU: Lenzi hupinda infraredi kwa kiasi tofauti na nuru ya kawaida, kwa hiyo fokasi ya jioni haifai tena. Iweke upya taa ikiwa imewashwa, ukikuza picha kwenye skrini, na uifute lenzi kwanza, kwa sababu umande nao huleta ukungu unaofanana sana na fokasi mbaya.